Bei ya Barua ya Rufaa

Katika mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, udalali ni kazi kama kazi nyingine. Wakala wa forodha humkamilishia mwenye lori hati zake, naye hulipwa ada. Mpiga debe hujaza abiria katika basi, naye hupewa chake kabla gari halijaondoka. Dalali wa mpunga humkutanisha mkulima aliyepanda na magunia yake kutoka bonde la Msangano na mfanyabiashara anayetafuta shehena, na kwa kila gunia linalouzwa dalali hupata sehemu yake. Hakuna anayeona haya kwa malipo hayo. Kila mmoja sokoni anajua kwamba dalali ni dalali, na mkulima asiyeridhika na bei huyafunga magunia yake akaenda kumtafuta dalali mwingine.

Mkulima huyo huyo akishikwa na maumivu ya tumbo siku tatu mfululizo, mambo hubadilika. Huenda katika zahanati, na tabibu, baada ya kumpima na kumuuliza maswali, humwandikia barua ya rufaa: aende mjini akafanyiwe kipimo cha altrasaundi. Barua inataja hospitali moja kwa jina. Mkulima anauza debe mbili za mpunga, anapanda gari, anafika, anapimwa na kulipa. Asilolijua ni kwamba jioni ile ile kiasi fulani cha fedha aliyolipa kimerudi kwa njia ya simu ya mkononi hadi kwa yule aliyeiandika barua. Mfano huu ni wa kutungwa, na haumlengi tabibu wala zahanati yoyote ya Msangano. Lakini jambo lenyewe halikutungwa. Limejadiliwa na vyama vya madaktari kwa zaidi ya miaka mia moja, na limekatazwa katika nchi nyingi.

Malipo hayo huitwa kwa majina ya upole: kamisheni, asante, chai, mafuta ya gari. Maana yake ni moja, nayo ni fedha au faida yoyote anayopewa mganga na mganga mwenzake, au na hospitali, maabara au duka la dawa, kwa sababu tu amempeleka huko mgonjwa. Swali ambalo mwanafunzi makini ataliuliza mara moja ni hili: ikiwa dalali wa mpunga analipwa mchana kweupe kwa kuwakutanisha watu wawili, kwa nini tabibu akatazwe kufanya vivyo hivyo?

MPUNGA HUONEKANA, UGONJWA HAUONEKANI

Jibu la swali hilo halianzii katika maadili bali katika elimu ya habari, yaani nani anajua nini. Mnunuzi wa mpunga hutumbukiza mkono katika gunia, akazifikicha punje, akazitafuna moja mbili, akajua kama zimekauka. Mkulima naye huiona mizani. Dalali hana siri kubwa anayoweza kuwaficha wote wawili kwa muda mrefu.

Mgonjwa hana gunia la kulifungua. Hajui kama maumivu yake yanatokana na minyoo, vidonda vya tumbo, kidole tumbo au ini. Hata baada ya kupimwa hajui kama kipimo kile kilihitajika, na akipona hajui kama amepona kwa sababu ya matibabu au amepona mwenyewe, kama yanavyopona maradhi mengi. Mwaka 1963 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa uchumi wa afya. Alieleza kwamba soko la matibabu haliwezi kufanana na soko la bidhaa nyingine kwa sababu mnunuzi hawezi kuijaribu bidhaa kabla ya kuinunua, na kwa sababu anayemshauri anunue nini ni mtu anayejua mengi kuliko yeye. Pengo hilo la ujuzi huzibwa na imani. Jamii inamtazamia mganga asiangalie faida yake anapotoa ushauri, nayo kwa upande wake inamwamini bila kumpima kwa mizani.

Barua ya rufaa basi ni kitu cha aina ya pekee. Kwa sura ni karatasi yenye jina, umri, dalili na saini. Kwa kazi yake ni taarifa ya kisayansi: mtu aliyemchunguza mgonjwa anamweleza mwenzake kwamba, kwa kadiri ya vipimo vilivyopo mbele yake, mgonjwa huyu anahitaji msaada ambao yeye hana, na kwamba msaada huo unapatikana mahali palipotajwa. Thamani yake yote imo katika ukweli wa madai hayo mawili. Mtu akiwekewa bei juu ya madai hayo, madai yenyewe hayafutiki. Yanabaki pale pale yakisomeka vizuri, ila hayajulikani tena kama ni uchunguzi au ni biashara.

Kuna ushahidi wa zamani unaofanana na jambo hili, na una uhusiano wa karibu na nchi hii. Mwaka 1964 ilichapishwa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika iliyoandikwa na kundi la wataalamu wakiongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza. Taarifa hiyo ilishauri kwamba nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya vijijini badala ya kuendelea kujenga hospitali kubwa mijini, na mawazo yake yalichangia katika mjadala uliozaa mpango wa zahanati na vituo vya afya wa miaka ya 1970. Mwaka 1970 Titmuss huyo huyo alitoa kitabu juu ya damu. Alilinganisha nchi ambako watu hujitolea damu bure na nchi ambako watu huiuza, akaeleza kwamba damu ya kununuliwa ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukiza homa ya ini. Sababu si kwamba fedha ina vijidudu. Anayejitolea bure hana haja ya kuficha kwamba aliwahi kuugua. Anayeuza anayo haja hiyo. Malipo yaliharibu habari kabla hayajaharibu damu.

HESABU YA WAGONJWA MIA

Inafaa sasa jambo hili litazamwe kwa tarakimu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, zimewekwa kwa ajili ya hesabu, na mwalimu anaweza kuzibadili apendavyo darasani.

Wagonjwa 100 wanafika katika zahanati wakilalamikia tumbo. Kati yao 10 wana ugonjwa ambao hauwezi kutambuliwa bila kipimo kinachopatikana mjini. Tabibu hawajui ni wapi. Ana macho, mikono, maswali na uzoefu wake. Akiwa mwangalifu, anawachagua 15 na kuwapa rufaa. Kati ya hao 15, tisa ni wagonjwa kweli. Mmoja amempita, huyo ameambiwa arudi baada ya siku tatu asipopata nafuu. Daktari wa mjini anayeipokea barua ya tabibu huyu anajua, hata kama hajapiga hesabu, kwamba kati ya barua kumi sita zina jambo zito. Kwa hiyo anazisoma kwa makini.

Sasa kituo cha mjini kinaahidi kulipa shilingi 6,000 kwa kila mgonjwa, na bei ya kipimo ni shilingi 30,000. Tabibu hasemi uongo wowote. Anashusha tu kiwango chake cha wasiwasi: mgonjwa ambaye jana angemwambia asubiri, leo anamwambia aende. Anawapeleka 40, na katika hao wamo wote 10 walio wagonjwa. Barua zake ambazo zilikuwa na ukweli wa asilimia 60 sasa zina ukweli wa asilimia 25. Wagonjwa kwa jumla walikuwa wakilipa shilingi 450,000. Sasa wanalipa shilingi 1,200,000. Tofauti ni shilingi 750,000, mbali na nauli, chakula cha njiani, na siku za kazi zilizopotea wakati wa kupalilia. Tabibu amepata shilingi 240,000.

Mtetezi wa kamisheni atadakia hapa: je, yule mgonjwa wa kumi hakupatikana? Amepatikana, na hoja hii isipuuzwe, kwa kuwa mgonjwa mmoja ni mtu kamili mwenye watoto. Lakini iangaliwe vizuri. Kama ni kweli kwamba kuwapeleka 40 ni bora kuliko kuwapeleka 15, basi jambo hilo lathibitishwa kwa utafiti na kuandikwa katika mwongozo wa tiba, ili kila tabibu alifuate, na fedha za kuwapeleka wasiojiweza zitafutwe. Idadi ya rufaa itakuwa imewekwa na ugonjwa. Katika mfano huu imewekwa na shilingi 6,000; ikipanda kuwa 10,000 huenda wakapelekwa 60, bila tumbo la mtu yeyote Msangano kubadilika. Tena, yule wa kumi aliyepatikana sasa anapanga foleni pamoja na watu 30 wasiohitaji kipimo, ilhali zamani wale tisa walipanga foleni na sita tu.

Madhara hayaishii hapo. Daktari wa mjini hujifunza polepole kwamba barua kutoka upande fulani hazina uzito. Siku tabibu yule yule anapomtuma mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba ni dharura, barua yake inasomwa kwa mashaka aliyoyapanda mwenyewe.

Lipo pia swali la kule fedha inakotoka. Kituo kinacholipa kamisheni hakina mti unaozaa shilingi. Lazima kiongeze bei, au kiongeze vipimo visivyohitajika, au kipunguze gharama katika jambo lisiloonekana na mgonjwa, kama vile dawa ya kupimia iliyokwisha muda wake au mtaalamu asiye na ujuzi wa kutosha. Na hospitali ya jirani inayokataa kulipa, hata kama ina mashine bora na daktari hodari zaidi, itakaa bila wagonjwa. Pale ambapo vituo vingeshindana kwa ubora wa kazi, vinashindana kwa ukubwa wa bahasha. Katika soko la mpunga dalali anayependekeza bidhaa mbovu hupoteza wateja. Katika mpango huu, anayependekeza kilicho bora ndiye anayekula hasara.

MIAKA MIA YA MAGOMVI

Jambo hili lilianza kuonekana wazi huko Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, upasuaji ulipokuwa salama zaidi na reli zilipowawezesha wagonjwa wa vijijini kufika mijini. Daktari wa kijiji hakuwa na chumba cha upasuaji. Mpasuaji wa mjini hakuwa na wagonjwa. Wakaafikiana: mpasuaji alimtoza mgonjwa ada yake, kisha akagawana na daktari aliyemleta bila mgonjwa kujua. Hali hiyo haiko mbali sana na hali ya mtu anayetoka bondeni kwenda Tunduma, Vwawa au Mbeya. Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kilipoundwa mwaka 1913, moja ya ahadi ambazo kila mwanachama alitakiwa kuzitia saini ni kwamba hatagawana ada kwa siri. Hofu ya waasisi ilikuwa dhahiri. Mgonjwa hakuwa akipelekwa kwa mpasuaji hodari bali kwa mpasuaji mkarimu, na watu walikuwa wakipasuliwa pasipo haja.

Ahadi peke yake haikutosha. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilifanya kuwa kosa la jinai kulipa au kupokea malipo ya rufaa kwa wagonjwa wanaogharimiwa na serikali, na mwaka 1977 adhabu yake ikaongezwa. Hata hivyo wajanja waligundua njia nyingine. Badala ya kupokea kamisheni, daktari alinunua hisa katika maabara anayowapelekea wagonjwa wake, akapata gawio. Mwaka 1989 ofisi ya ukaguzi ya wizara ya afya ya nchi hiyo ilichunguza jambo hili na kuona kwamba wagonjwa wa madaktari wenye hisa katika maabara walifanyiwa vipimo vya maabara asilimia 45 zaidi ya wagonjwa wa kawaida wa mpango ule ule wa bima ya wazee. Mwaka 1990 watafiti waliolinganisha madaktari wenye mashine zao za picha na wale wanaowapeleka wagonjwa kwa mtaalamu mwingine waliona kwamba wale wa kwanza walipiga picha mara 4 hadi 4.5 zaidi, kwa wagonjwa wenye dalili za namna moja. Sheria iliyopewa jina la mbunge Pete Stark, iliyopitishwa mwaka 1989, ilianza kwa kuwakataza madaktari kuwapeleka wagonjwa wa bima hiyo katika maabara walizo na maslahi nazo.

Ni vema kuzingatia kwamba tarakimu hizo hazisemi kuwa madaktari wale walikuwa wezi. Inawezekana kabisa kwamba wengi wao waliamini kila kipimo kilihitajika. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo lenyewe. Maslahi huingia katika uamuzi bila kubisha hodi, na mwenye uamuzi ndiye wa mwisho kuyaona. Mwanasayansi anaijua hatari hii katika maabara, ndiyo maana mara nyingi majaribio ya dawa hupangwa kwa namna ambayo anayempima mgonjwa hajui ni nani aliyepewa dawa na nani aliyepewa kidonge kitupu. Hakuna anayemtukana mtafiti kwa kumfunga macho hivyo. Tabibu anayepokea kamisheni amefunguliwa jicho moja tu, lile linaloangalia mfuko.

TANZANIA KABLA NA BAADA YA MWAKA 1991

Kwa miaka mingi tatizo hili halikuwa na nafasi kubwa ya kukua nchini Tanzania, kwa sababu rahisi kwamba hapakuwa na mnunuzi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu yalichukuliwa kuwa huduma ya umma, na Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilipiga marufuku utoaji wa matibabu kwa ajili ya faida, ikiziacha hospitali za madhehebu ya dini na mashirika mengine yaliyoruhusiwa. Mgonjwa alipotoka zahanati kwenda kituo cha afya, kutoka hapo hadi hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa iliyoko Mbeya na hatimaye Muhimbili, hakuna ngazi iliyopata faida kwa kumpokea. Ngazi ya juu mara nyingi ilitamani asije, kwa maana vitanda vilikuwa vimejaa. Ugonjwa wa mfumo ule ulikuwa mwingine: upungufu wa dawa, na bahasha aliyoitoa mgonjwa mwenyewe ili aonwe mapema.

Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa na hospitali za faida zikaruhusiwa. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Mabadiliko hayo yalileta manufaa ambayo si haki kuyakana; vipimo ambavyo zamani vilipatikana Dar es Salaam tu leo vinapatikana katika miji mingi. Lakini pia yalimfanya mgonjwa awe na thamani ya fedha kwa anayempokea, na mara kitu kinapokuwa na thamani hupatikana mtu wa kukiuza. Daktari wa serikali aliyeruhusiwa kuwa na kliniki yake jioni aliweza hata kujilipa kamisheni mwenyewe: asubuhi anamwambia mgonjwa kwamba mashine ya hospitali ni mbovu, alasiri anampokea kwake. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, iliitaja afya miongoni mwa huduma ambazo wananchi walilazimika kuzinunua kwa rushwa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo TAKUKURU inaisimamia, haikuishia kwa watumishi wa serikali. Inamgusa mtu yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, akapokea au kuomba manufaa isivyo halali ili atende au asitende jambo katika shughuli za huyo anayemtumikia. Tabibu wa zahanati anamtumikia mwajiri wake, na shughuli ya mwajiri huyo ni kumpeleka mgonjwa mahali panapomfaa. Mbali na sheria hiyo lipo Baraza la Madaktari, ambalo lina uwezo wa kumwita mwanachama ajieleze juu ya mwenendo wake.

Bima imeongeza sura nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Mwenye bima haumii mfukoni kipimo kisicho cha lazima kinapofanywa, kwa hiyo halalamiki. Kamisheni hiyo inalipwa na mfuko, yaani na wanachama wote, akiwemo mwalimu wa Mtwara ambaye hajawahi kufika Songwe. Hasara iliyogawanywa kwa watu wengi mno hukosa mwenyewe wa kuipigia kelele.

Rufaa za nje ya nchi ndizo zenye fedha nyingi zaidi kwa kila barua. Wagonjwa wa Afrika Mashariki wamekuwa wakisafiri kwenda India kwa maradhi ya moyo, figo na saratani. Kanuni za maadili za madaktari wa India za mwaka 2002 zinakataza waziwazi kutoa au kupokea kamisheni kwa ajili ya mgonjwa aliyepelekwa; pamoja na hayo, mwaka 2014 daktari David Berger aliyewahi kujitolea huko aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba desturi hiyo imeenea, na makala yake ikazua mjadala mkubwa ndani ya India yenyewe. Kanuni iliyoandikwa vizuri inaweza kukaa rafuni kwa amani kabisa.

JE, MGONJWA AKIAMBIWA?

Wapo wanaosema kwamba kosa si malipo bali siri. Mgonjwa aelezwe kuwa tabibu atapata kitu, kisha aamue mwenyewe. Mawazo hayo yana asili ya heshima. Kanuni za kimataifa za maadili ya udaktari, zilizopitishwa na Chama cha Madaktari cha Dunia jijini London mwaka 1949, zilikaribia msimamo huo: zilikataza malipo yaliyofanywa mgonjwa asijue. Lakini kanuni hizo ziliporekebishwa mjini Venice mwaka 1983 zilikwenda mbali zaidi, zikakataza kulipa au kulipwa ada kwa lengo tu la kupatiwa mgonjwa, iwe kwa siri au kwa dhahiri.

Sababu yaweza kuonekana Msangano kuliko London. Ni usiku, ni msimu wa mvua, njia ya kutoka bondeni ina tope, na baba amembeba mtoto anayehema kwa shida. Tabibu anamwambia, kwa uaminifu wote: mpeleke hospitali fulani, na ujue kwamba nitalipwa shilingi 6,000 ukienda huko. Baba afanye nini na habari hiyo? Hana tabibu wa pili wa kumuuliza. Hawezi kujua kama hospitali ile imetajwa kwa sababu ni bora au kwa sababu ya fedha, na huenda tabibu mwenyewe hajui. Amepewa mashaka bila kupewa njia ya kuyaondoa. Uwazi humsaidia mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Huyu anao uwezo wa kutii au kubaki.

Ni haki pia kusema kwamba si kila fedha inayopita kati ya waganga ni ya haramu. Daktari aliyesoma picha ya eksirei iliyotumwa kutoka mbali amefanya kazi, alipwe. Msaidizi aliyesimama saa tatu katika chumba cha upasuaji naye alipwe kwa saa tatu zake. Baadhi ya miradi ya afya katika Afrika Mashariki imewapa posho wakunga wa jadi wanaowasindikiza wajawazito hospitalini, na wahudumu wa kijiji wanaowapeleka wenye dalili za kifua kikuu wakapimwe makohozi. Posho hizo hutolewa na mradi, kiwango chake kinajulikana na wote, na mkunga hachagui kati ya hospitali tano zinazomshindania. Hata hivyo zinahitaji kuangaliwa, maana mhudumu anayelipwa kwa kila kikohozi atavisikia vikohozi vingi.

Zipo njia mbili rahisi za kupambanua. Ya kwanza ni kuuliza kama malipo yangekuwapo iwapo mgonjwa angepelekwa kwingine. Saa tatu za msaidizi zitalipwa tu popote alipofanya kazi; shilingi 6,000 za barua hutoweka mara jina la hospitali linapobadilika. Ya pili ni kuuliza kama mlipaji yuko tayari kuyaandika malipo hayo katika stakabadhi anayopewa mgonjwa, chini ya bei ya kipimo, kwa herufi zinazosomeka.

Na kuku? Mkulima aliyepona akirudi na jogoo au kilo tatu za mchele, je, tabibu naye amekula kamisheni? Watumishi wa umma wana taratibu zao juu ya zawadi, nazo zifuatwe. Lakini kwa asili ya jambo, jogoo huyo ametoka kwa mgonjwa, amekuja baada ya kupona, na hakuelekeza barua yoyote mahali popote. Kumchanganya na bahasha ya maabara ni kumwonea jogoo.

Umaskini wa watumishi wa afya vijijini hutajwa kila mara mazungumzo haya yanapoanza. Ni kweli kwamba tabibu wa zahanati ya mbali hufanya kazi ya watu watatu, na mara nyingi huhudumia akitumia taa ya simu. Hoja hiyo ni nzuri inapodai mshahara bora na nyumba bora ya mtumishi, na inapaswa kudaiwa hivyo kwa wanaopanga bajeti. Inapotumika kutetea kamisheni inabadilika kuwa kodi, nayo hutozwa kwa watu walio maskini kuliko tabibu mwenyewe, tena kwa mujibu wa maradhi yao, aliyeugua zaidi akilipa zaidi.

Fomu nyingi za rufaa zina sehemu ya chini ambayo mara kwa mara hubaki tupu. Ni sehemu ya majibu: hospitali iliyompokea mgonjwa inatakiwa kuandika ilichokiona, ilichokifanya na ushauri wake, kisha karatasi irudi zahanati. Ikijazwa na kurudi, tabibu hujua kama alikisia vizuri, na hujifunza. Mganga Mkuu wa Wilaya naye, akizikusanya za miezi sita, anaweza kuhesabu kwa kalamu na karatasi ni rufaa ngapi zilikuwa na jambo, na kama zahanati moja inawapeleka wagonjwa wake wote katika kituo kimoja cha mjini ilhali hospitali ya wilaya iko njiani. Hesabu hiyo haihitaji mashine. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza, ikiwa tu zile karatasi zimerudi.